Magurudumu Juu ya Mkeka

Wiki ya utambulisho tuliazima mikeka kwa majirani, na kila mkeka ulikuja na masharti yake. Mama wa duka alisema wake usiwekwe karibu na jiko. Mjane wa mwalimu alisema wake usikanyagwe kwa viatu, kana kwamba kuna mtu kijijini kwetu anayekanyaga mkeka kwa viatu. Niliipokea yote kwa mikono miwili, nikaufunga kila mmoja kamba ya rangi yake ili nisichanganye wakati wa kurudisha.

Aliyekuwa analeta mchumba nyumbani ni mjukuu wangu Nakabuye, binti wa mwanangu Lubowa, ambaye tulimzika nyuma ya nyumba penye migomba. Nakabuye ni fundi cherehani. Anashona magomesi, yale magauni marefu ya sherehe, na wanawake hutoka mpaka Masaka mjini kumfuata, kwa sababu mabega ya gomesi lake husimama hata baada ya kufuliwa. Anatumia kiti cha magurudumu tangu alipoanguka kutoka juu ya mfenesi akiwa shule ya msingi. Miguu yake haina habari naye, ndivyo asemavyo mwenyewe, na yeye hana ugomvi nayo.

Mchumba, Kateregga, anatengeneza baiskeli pale senta, penye maduka. Walijuana kwa sababu ya pancha. Siku hiyo Nakabuye alirudi nyumbani, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja nami.

"Bibi," akasema, "leo kuna mtu ameniomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kugusa kiti. Alichuchumaa kwanza, tukawa tunatazamana, ndipo akasema, dada, naruhusiwa kukigusa?"

Akaendelea kumenya kama hajasema kitu. Lakini nilimwona anayatabasamia maganda.

Basi siku ya utambulisho ilipangwa Jumamosi, na Jumatatu ya wiki hiyo akaja binti yangu Eseza kutoka Kampala. Eseza ni dada wa marehemu Lubowa, yaani ndiye shangazi wa Nakabuye, na bila shangazi hakuna utambulisho. Shangazi ndiye humwogesha binti, ndiye humvika, ndiye humtoa ndani na kumfikisha mkekani mbele ya wageni, na ndiye huenda kumchomoa mchumba katikati ya wanaume waliovaa kanzu zinazofanana. Binti mwenyewe hupiga magoti, husalimu, na kwa sehemu kubwa hunyamaza.

Niseme kidogo juu ya Eseza. Ni mtu wa kupenda kwa mikono. Ukikaa naye mezani atakukatia nyama kabla hujashika kisu. Ukikohoa, tayari ana maji. Nimemzaa mimi, na hata mimi hunisaidia kusimama wakati sijataka kusimama.

Siku ya pili yake, tukiwa barazani tunachambua maharage, alimwambia Nakabuye jinsi mambo yatakavyokuwa.

"Mukwaya na Kiyemba watakubeba. Mmoja huku, mmoja kule. Watakuweka katikati ya mkeka, wasichana watakuzunguka, gomesi litafunika miguu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Shangazi."

"Wewe ni bibi harusi. Bibi harusi hajui kitu siku hiyo."

Wanawake wakacheka. Nakabuye naye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Nataka kutoka na kiti changu," akasema.

"Juu ya mkeka?"

"Juu ya mkeka."

"Magurudumu hayohayo yanayopita kwenye mavi ya mbuzi? Mtu si huvua viatu kwanza? Na utawasalimuje wakwe ukiwa huko juu? Wazee wa watu wamekaa, mashangazi zao wako chini, wewe uko juu unawatazama kama hakimu!"

"Siwezi kukaa chini, Shangazi. Hospitali walinikataza."

"Hospitali!" Eseza akapuliza makapi ya maharage. "Kwenye maziko ya baba yako ulikaa chini kutwa nzima. Nilikuweka mimi mwenyewe kwa mikono hii. Ulikaa vizuri kama watoto wengine wa marehemu. Ulikufa?"

Nakabuye akaninyanyulia macho. Mimi nikatazama maharage.

Yaliyofuata baada ya siku ile ya maziko niliyajua, na Eseza hakuyajua. Siku yenyewe watu walikuwa wengi, na mtu fulani alikuwa amekisukuma kiti cha Nakabuye mpaka ukutani ili kupata njia ya kupitisha jeneza. Wanawake wakaanza kumwekea mikoba yao mapajani. Eseza alitoka ndani macho yamevimba, akamwona mtoto wa kwanza wa kaka yake ameachwa kati ya mikoba kama mkoba. Akasema hakuna mtoto wa Lubowa atakayemlilia baba yake kutoka mbali. Akaikusanya ile mikoba, akaitupa kando, akambeba Nakabuye na kumkalisha mkekani karibu na jeneza, na yeye akakaa nyuma yake ampe mgongo wa kuegemea. Walikaa hivyo tangu asubuhi mpaka watu walipokunja mikeka. Niliona, na niliona kuwa ni upendo. Nami nisingejua kufanya lingine.

Nakabuye hakusikia maumivu yoyote, na hapo ndipo penye shida. Asiyesikia maumivu hajui wakati wa kujisogeza. Nilipomvua nguo jioni, ngozi ya pale mwisho wa mgongo ilikuwa nyekundu kama nyanya iliyoiva. Baada ya siku chache ikapasuka. Tangu msimu wa senene mpaka mvua za mwaka uliofuata alilala kifudifudi, cherehani imefunikwa kitambaa, na mimi nikiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Hospitali walitufundisha: asikae bila mto wake ule mnene, ajiinue kwa mikono mara kwa mara, asikae sakafuni.

"Bibi," aliniambia siku moja, shavu likiwa juu ya godoro, "usimwambie Shangazi."

"Kwa nini?"

"Siku ile aliniweka na watoto wa baba. Hakuna mwingine aliyekumbuka."

Nikaahidi. Eseza alipopiga simu kutoka Kampala tulimwambia mtoto ana homa.

Kwa hiyo pale barazani Nakabuye angeweza kumaliza maneno kwa sentensi moja, na hakuisema. Shangazi mmoja akapendekeza mto uwekwe juu ya mkeka. Eseza akasema bibi harusi hakai juu ya mto wakati mama zake wako chini, labda kama ni malkia. Nakabuye akasema hata mto bila mgongo wa kiti hautoshi, atapinduka kama mtungi. Mwisho Eseza akakung'uta ungo na kusimama.

"Ukitoka na magurudumu, mtafute shangazi mwingine."

"Nikibebwa, Shangazi, sitoki," akasema Nakabuye, polepole, bila kuinua sauti. Kisha akamwomba radhi kwa kujibu.

Siku zilizofuata wote wawili walikuwa na adabu sana. Eseza alimpelekea chai. Nakabuye alimshonea Eseza ukosi wa gomesi uliokuwa umelegea. Mchana walisaidiana kuchagua shanga. Lakini kila mmoja alikuwa amekaa juu ya neno lake, na mimi niliendelea kupokea mikeka.

Ijumaa Mukwaya na Kiyemba walikuja kufanya mazoezi. Ni wajukuu zangu wa upande mwingine, waashi, vijana wenye shingo nene na mioyo laini. Hawakumwambia mtu. Walimkuta Nakabuye barazani anamalizia upindo wa gomesi lake mwenyewe, sindano mkononi.

"Dada, tunakupima uzito tu," akasema Mukwaya.

"Wewe! Usi—"

Walishaishika ile mikono ya kiti, huyu kulia, yule kushoto, wakanyanyua. Sasa mikono ya kiti hicho imetengenezwa ichomoke, ili mwenye kiti aweze kuhamia kitandani. Mkono wa upande wa Kiyemba ukachomoka. Akabaki ameushika juu kama mtu aliyeshinda kombe, na kiti kikainama upande. Nakabuye aliinamisha mwili wote upande wa pili na kulishika gurudumu. Kiti kikarudi chini kwa kishindo. Kiwiko chake kikagonga nguzo ya baraza.

Kiyemba aliugeuzageuza ule mkono wa kiti.

"Kumbe hutoka," akasema Kiyemba.

"Hutoka," akasema Nakabuye. Alikuwa anahema. "Ungeuliza ningekuambia."

"Tulitaka kukusaidia."

"Najua. Nitafutieni sindano. Imeanguka, na nyie mko peku."

Wakapiga magoti wote wawili, wale majitu, wakaitafuta sindano sakafuni. Eseza alikuwa mlangoni. Aliona yote. Alifunika mdomo kwa kiganja, akaingia ndani, na baadaye nikamsikia akiwaambia kesho watashika kiunoni na chini ya magoti, si kwenye kiti. Bado hakuwa ameelewa.

Jumamosi asubuhi maji yalichemka mapema. Hema lilikuwa linasimamishwa, wanaume wakipigilia vigingi, ndizi zikiwa tayari zimefungwa kwenye majani. Nakabuye alitaka aoge peke yake, kama siku zote.

"Hiyo haipo," Eseza akasema. "Leo hugusi dodoki. Leo unaoshwa na shangazi yako, kama nilivyooshwa na wangu. Hata kama hatutoki, utaoga."

"Basi na Bibi awepo."

Nikaja na taulo.

Nakabuye huogea kwenye kiti cha plastiki. Alisogeza kiti chake mpaka kikagusana na kile, akafunga breki, akachomoa mkono wa kiti, ule ule wa jana. Eseza alishaingiza mikono kwapani mwake.

"Subiri, Shangazi. Usinivute."

"Utaanguka."

"Sianguki. Wewe shika kiti cha plastiki tu, kisiteleze. Kwa nguvu. Basi."

Eseza akashika kiti kwa nguvu kama alivyoambiwa. Nakabuye akaegemea mbele, akajiinua kwa mikono, akahama. Ilichukua muda mfupi kuliko kusimulia. Eseza aliendelea kushika kiti hata baada ya kazi kwisha, akikitazama.

Alianza na mikono, akaja shingoni, akashuka mgongoni. Alisugua kama anavyosugua kila kitu, kwa bidii. Nilikuwa nimesimama upande, nami niliona mkono ulipofika pale chini ukasimama.

"Hiki ni nini?"

"Kovu."

"La nini?"

"La kukaa."

"Kukaa wapi?"

Nakabuye alikuwa na povu usoni. "Shangazi, maji yanapoa."

"Nimekuuliza, kukaa wapi."

"Chini."

Huko nje nyundo zilikuwa zinapiga vigingi. Eseza alipitisha kidole pembeni ya lile kovu, polepole, akiuzunguka ule mviringo wake. Ni kubwa kama kisahani cha chai, na ngozi yake ni nyembamba, inang'aa. Kisha akainua macho akanitazama. Nawajua watoto wangu wanapohesabu kichwani. Tangu wadogo midomo yao huchezacheza.

"Ile homa," akasema.

"Ile homa," nikasema.

Alimimina maji mgongoni kidogo kidogo kwa kikombe, mpaka povu lote likaisha, na maji yalipokwisha akaenda kuleta mengine. Alipomkausha, pale chini hakusugua. Aligusa na kuacha, aligusa na kuacha, kama mtu anayekausha kichwa cha mtoto mchanga. Nakabuye alikuwa ameinamisha uso. Sikuweza kujua kama yaliyokuwa yakidondoka ni maji au machozi.

Tulimsaidia kuhamia kitandani avae. Yaani yeye alihama, sisi tulishika vitu visisogee. Alipokuwa ananyoosha sketi ya ndani, Eseza alichukua beseni, akachukua sabuni na lile lile dodoki, akakisukuma kiti kitupu mpaka kwenye ngazi ya nyuma. Nilidhani anakiondoa njiani tu. Alikaa kwenye ngazi, akalivuta gomesi lake la nyumbani juu ya magoti, akaanza kuosha magurudumu.

Aliosha mpira wa nje, akaosha spoku moja moja. Alitoa matope yaliyogandamana, akatoa nyuzi na nywele zilizojizungusha kwenye magurudumu madogo ya mbele. Mara moja tu aliita kwa sauti kuelekea dirishani.

"Hii ya kuwekea miguu inanyanyuka?"

"Inanyanyuka, Shangazi. Vuta kwako, halafu juu."

"Nimeona."

Mukwaya akatokea, amevaa kanzu, amechana nywele. "Shangazi, tumekuja kubeba."

"Kabebeni masufuria."

"Tumeambiwa bibi harusi."

"Nani kawaambia?"

"Wewe."

"Basi nawaambia masufuria. Halafu mrudi hapa, mumuulize mwenyewe. Mwende."

Alibadilisha maji, akasuuza, akayafuta magurudumu kwa kitambaa safi. Kisha akaweka mto mahali pake, akaubonyeza kwa kiganja, akaugeuza, akaubonyeza tena, na akaja kumuuliza Nakabuye upande upi ndio wa mbele.

Mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani, tangu barazani mpaka mbele ya hema la wageni. Nakabuye aliitazama kutoka dirishani na kusema kuna shida. Ncha za mikeka zilikuwa zinatazama nyumba, na magurudumu madogo ya mbele yakikutana na ncha huinyanyua na kuikunja, na kiti kikikwama ghafla aliyekaa hutangulia kwa uso. Itandikwe upya, akasema. Mkeka wa karibu na nyumba ukalie wa mbele yake, na ule nao ukalie wa mbele yake, kama mabati ya paa. Hapo gurudumu litakuwa linashuka tu. Eseza akatoka peku, akaikunja yote na kuitandika upya, huku msemaji wetu, aliyechaguliwa kutuzungumzia mbele ya wageni, akilalamika kwamba wageni wako barabarani.

"Wasubiri," akasema Eseza. "Kuna binti anatoka."

Kilichobaki ni ngazi mbili za baraza. Kiyemba alikuja akasimama mbali, mikono mgongoni.

"Dada, nishike wapi?"

"Wewe nyuma, ile mishikio. Mukwaya mbele yangu, inama, shika hiki chuma. Si mkono wa kiti."

"Mkono naujua," akasema Kiyemba. "Tangu jana nimeujua."

"Tunashuka kinyumenyume. Magurudumu makubwa kwanza. Ngazi moja, tunapumzika, halafu nyingine. Mimi ndiye ninayesema twende."

Hapo mashangazi wadogo wakaguna. Bibi harusi atoke mgongo mbele? Wageni waanze kuona kisogo? Eseza alifikiri kidogo, akawapanga wasichana sita mbele ya ngazi, bega kwa bega, wakiwatazama wageni na kuimba. Magomesi sita yaliyotanuka ni ukuta. Nyuma ya ukuta huo Nakabuye alishuka ngazi ya kwanza, akapumzika, akashuka ya pili, akageuza kiti chake, akafunga breki, akapandisha ncha za mshipi wake mapajani. Gomesi hilo alilishona mwenyewe na alijua mambo: mshipi alikuwa ameufupisha usifike kwenye spoku.

Eseza alisimama kando yake. Niliona mkono wake unakwenda kwenye mshikio wa nyuma, kisha ukarudi.

"Nikusukume?" akauliza.

"Hapana, Shangazi. Tembea nami tu."

Wasichana wakafunguka pande mbili. Walitoka hivyo. Nakabuye akisukuma magurudumu yake kwa viganja, Eseza akitembea upande wa kulia, na ule mkono wake ambao haukuwa na kazi hakujua auweke wapi, mwishowe akaushikisha mkoba. Walipofika ukingo wa mkeka, Eseza alivua viatu. Kisha, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye hema, akawaambia wasichana, "Yake yameshaoshwa." Magurudumu yakapanda mkeka wa mjane wa mwalimu, yakashuka kwenye unaofuata, hakuna ncha iliyonyanyuka.

Msemaji wa wageni, Bwana Kigongo, mzee mwenye kanzu yenye nakshi shingoni na ulimi usiopata kutu, alisimama. Kazi ya msemaji ni kuchokoza.

"Ndugu zetu," akasema, "sisi tumekuja kuomba ua. Hamkutuambia ua lina gari lake. Tungekuja na dereva."

"Dereva ni yeye mwenyewe," msemaji wetu akajibu. "Nyie mtapanda nyuma."

Watu wakacheka, na wasiwasi ukapungua kidogo. Kigongo hakukaa.

"Lakini mimi mzee, naomba nifundishwe. Kwetu binti akitusalimu hushuka. Huyu mbona bado yuko juu? Au ndiyo tumeanza kutawaliwa?"

Nilimwona Nakabuye ameshika magurudumu. Hilo ndilo neno alilokuwa analingoja wiki nzima, na ndilo alilokuwa ameliogopa. Eseza alipiga magoti. Hakushuka haraka, kwa sababu magoti yake ni mabovu. Alitua kwanza goti moja, akashika mkeka, akatua la pili, kando kabisa ya gurudumu. Wasichana nao wakashuka nyuma yake.

"Ameshuka, mzee wangu," akasema. "Magoti yake ni haya hapa. Yametoka Kampala tangu Jumatatu na yanauma. Msiyacheleweshe, au mtayalipia dawa."

Hema lililipuka kwa kicheko, kuanzia kwa wanawake. Nakabuye aliinamisha kichwa mpaka shanga zikaning'inia, akawasalimu kwa majina ya heshima, mzee kwa mzee, mama kwa mama, sauti yake ikiwa imenyooka. Waliitikia wote. Kigongo aliitikia mara mbili, akakaa.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Eseza alimtafuta Kateregga katikati ya wanaume, akapita mbele yake kwa makusudi, akamshika mjomba mtu mwenye kitambi, watu wakapiga yowe, akarudi. Kateregga alipofikishwa mkekani alivua viatu na kuchuchumaa ili Nakabuye amvishe shada bila kunyoosha mkono sana. Nadhani hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mimi na Nakabuye.

Wakati wa picha, mama mmoja wa upande wao, mwenye furaha nyingi, aliruka kutoka kwenye kiti chake, akashika mishikio ya nyuma na kuanza kumsukuma Nakabuye kuelekea kwenye maua. Breki ilikuwa imefungwa. Kiti kikainama mbele, na Nakabuye akajishika.

"Dada!" Eseza akaita. "Uliza kwanza."

"Nimuulize nani?"

"Mwenye miguu hiyo unayoisukuma."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hilo tangu kuzaliwa. Yule mama akaona haya, akaja mbele, akainama, akauliza. Nakabuye akamwambia ahsante, na kwamba ndiyo, amsukume, kwa sababu mikono imechoka. Kisha akamwonyesha breki inafunguliwaje.

Jua lilipoanza kupungua, wageni wakiwa wameondoka na masufuria yakirudishwa, mimi na Eseza tulibaki uani tukikunja mikeka. Alikuwa amevua kilemba.

"Mama, ungeniambia."

"Halikuwa langu."

"Angalau kwa simu."

"Alisema siku ile ulimweka na watoto wa baba yake. Alisema hakuna mwingine aliyekumbuka."

Eseza akapiga mkeka mavumbi, akaupiga tena, ingawa haukuwa na mavumbi. Barazani Nakabuye alikuwa anacheka na wasichana, anajiinua kwa mikono, anakaa, anajiinua tena, kama alivyofundishwa. Eseza alimtazama akifanya hivyo.

"Hufanya hivyo mara nyingi?"

"Siku nzima."

"Nilidhani ni wasiwasi tu alionao."

Alikuja kwenye mkeka wa mjane wa mwalimu, wenye kamba nyekundu. Ulikuwa na mistari miwili hafifu tangu ukingo mmoja mpaka mwingine, mahali ukindu ulipolala. Akapiga magoti juu yake, kwa shida, akapitisha kiganja kwenye mstari mmoja.

"Atasema tumeukanyaga kwa viatu."

"Atasema," nikakubali. Namjua.

Eseza akaukunja kuanzia mwisho, taratibu, akaufunga kamba yake. Nilimwambia kwamba Mukwaya ataupeleka. Akasema hapana. Aliuweka begani, akamwita Nakabuye pale barazani.

"Naenda kwa mjane. Unakuja, au umechoka?"

"Nimechoka, Shangazi. Lakini nakuja. Nisukume."

Akaweka mkeka mapajani mwa Nakabuye, baada ya kumuuliza, akafungua breki, wakaondoka.